Sifa za Mkulima na Jina Lililo Kwenye Hati

 Leo nataka tuzungumze habari za shamba. Najua utacheka. Hapa Johannesburg na shamba, wapi na wapi? Mji huu ulizaliwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, na mpaka leo ukielekea kusini unakutana na vilima vya vumbi la migodi, huoni konde la mahindi. Lakini siasa za ardhi za nchi hii, sehemu kubwa yake, ziliandikwa hapahapa mjini, katika ofisi za mawakili na vyumba vya magazeti, na wengi walioziandika walikuwa watoto wa mashambani.

Unakumbuka mwaka 2025 ulivyoanza. Mwezi Januari Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria mpya ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma. Tarehe 7 Februari Rais Donald Trump akatoa amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa Afrika Kusini, kwa madai kwamba wakulima wa Kizungu, hawa tuliozoea kuwaita Makaburu, wananyang'anywa mashamba. Akawafungulia na mlango wa ukimbizi. Mwezi Mei kundi la kwanza likapanda ndege hapa uwanja wa O. R. Tambo, likaenda zake. Hadi siku ile hapakuwa na shamba hata moja lililotwaliwa kwa sheria hiyo mpya.

Sina nia ya kuwasema walioondoka. Kinachonishughulisha ni jinsi neno mkulima linavyoweza kuitikisa Washington kiasi hicho. Mzungu wa mjini hapa akifilisika duka lake, hakuna rais wa ng'ambo atakayemtumia ndege. Mkulima ni habari nyingine, na sababu yake ni ya zamani sana.

Taifa la Marekani lilizaliwa na watu waliokuwa na shamba mdomoni. George Washington, hata alipokuwa rais, aliwaandikia wasimamizi wake wa Mount Vernon barua ndefu kila wiki kuhusu ngano, kondoo na samadi. Aliandikiana na Arthur Young, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa maandishi ya kilimo enzi hizo. Desemba 1796, katika hotuba yake ya mwisho ya mwaka, alilishauri Bunge liunde bodi ya kilimo. Bunge halikufanya hivyo.

Thomas Jefferson alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake kuhusu jimbo la Virginia, kilichochapwa mara ya kwanza Paris mwaka 1785, alitoa hoja ambayo tangu hapo imezunguka dunia nzima: mtu anayelima ardhi yake mwenyewe hamtegemei bwana kwa chakula chake, basi hakuna wa kumnunua wala kumtisha, na mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuwa raia wa jamhuri. Vibarua wa viwandani wa miji ya Ulaya walimtia hofu. Jefferson hakuishia kwenye nadharia. Alibuni ubapa wa plau unaogeuza udongo kwa wepesi zaidi, akaueleza mbele ya wanazuoni wenzake mwaka 1798. Halafu yupo John Taylor wa Virginia, ambaye watu wachache wanamkumbuka siku hizi. Mwaka 1813 makala zake zilikusanywa kuwa kitabu kiitwacho Arator. Humo unafundishwa jinsi ya kurudishia udongo rutuba, na kabla hujakaa sawa umeshaingizwa kwenye vita dhidi ya mabenki na ushuru wa forodha. Kwa watu hawa samadi na katiba vilitoka katika kalamu moja.

Maneno yao ni matamu, nakiri. Mimi pia niliyasoma nikavutiwa. Ila sasa twende kondeni tukaangalie nani ameshika jembe. Jefferson, katika maisha yake, alimiliki watumwa zaidi ya 600. Ile plau yake haikusukumwa na yeye. Taylor ndani ya kitabu kilekile cha samadi anautetea utumwa. Aliyekuwa na macho ya kuona ni Mfaransa mmoja, Crèvecoeur, aliyekuwa na shamba New York, na ambaye barua zake zilichapwa London mwaka 1782. Amesifu wee maisha ya mkulima wa Marekani, jinsi mtu aliyekuwa si kitu Ulaya anavyopata ardhi na kuwa mtu. Kisha katika barua ya tisa anatupeleka karibu na Charleston, anakuta mtumwa amefungiwa kwenye tundu juu ya mti, ndege wamemtoboa macho, ameachwa afe. Baada ya ukurasa ule, sifa zote zilizotangulia zinabadilika ladha.

Na wapo waliojibu. Benjamin Banneker alikuwa Mweusi huru, mkulima wa tumbaku karibu na Baltimore, aliyejifundisha elimu ya nyota usiku baada ya kazi. Aliandika almanaka ya mwaka 1792, kitabu cha aina ambayo mkulima alihitaji kuliko vyote baada ya Biblia: jua linachomoza saa ngapi, mwezi unaandama lini, maji yanajaa lini. Tarehe 19 Agosti 1791 akamtumia Jefferson nakala yake pamoja na barua, akimuuliza kwa adabu kubwa inakuwaje mtu aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa awe bado anawashika wengine utumwani. Jefferson alijibu kwa upole, tarehe 30 mwezi huohuo. Watumwa wake aliendelea kuwa nao hadi alipokufa mwaka 1826.

Shika hilo, halafu turudi Johannesburg.

Mwaka 1910 alirudi nchini kijana mmoja, Pixley ka Isaka Seme, mzaliwa wa Inanda kule Natal. Alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1906, kisha akasoma Oxford, akawa wakili. Akafungua ofisi hapa Johannesburg. Sasa tazama alichokifanya ndani ya mwaka mmoja tu, 1912. Januari, kule Bloemfontein, akawaita machifu, wachungaji, walimu na waandishi wakaanzisha chama cha siasa, ambacho leo tunakiita ANC. Mwaka huohuo likaanzishwa gazeti hapa mjini, Abantu-Batho, likichapishwa kwa Kiingereza na lugha za Kiafrika, kwa msaada mkubwa wa fedha za Labotsibeni, malkia wa Waswazi. Na mwaka huohuo akaunda kampuni ya wakulima Waafrika ya kununua ardhi.

Chama na gazeti vinasomwa mashuleni. Ile kampuni imesahauliwa, na mimi naona ndiyo iliyokuwa na makali kuliko vyote. Ilikuwa ikinunua mashamba kutoka kwa Wazungu wilayani Wakkerstroom, kusini-mashariki ya Johannesburg, yenye majina kama Daggakraal na Driefontein, ikiyakata vipande na kuwauzia Waafrika, kila mtu na hati yake. Fikiria Mzungu wa jirani anapoamka asubuhi na kukuta shamba la ng'ambo ya mto limekuwa la Waafrika, tena kwa njia halali, kwa bei waliyokubaliana na kwa saini ya wakili aliyesoma Oxford. Seme alikuwa ameichukua ile hoja ya Jefferson, kwamba mwenye ardhi yake ndiye raia kamili, akaipeleka kwa watu ambao haikuandikwa kwa ajili yao.

Haikuchukua muda. Tarehe 19 Juni 1913 ikaanza kutumika Sheria ya Ardhi ya Wenyeji. Mwafrika akakatazwa kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo yaliyotengwa, na maeneo hayo yalikuwa kama asilimia 7 tu ya nchi. Mwaka 1936 yakaongezwa hadi kufikia kama asilimia 13. Wapo wanahistoria wanaosema manunuzi ya vyama na kampuni kama ya Seme ndiyo yaliyoiharakisha sheria hiyo, na mimi nakubaliana nao. Watu hawatungi sheria ya kuzuia jambo ambalo halifanyiki.

Lakini sheria ilikuwa na shabaha nyingine, na hapa naomba tukae kidogo. Katika jimbo la Free State kulikuwa na utaratibu wa kulima nusu kwa nusu. Mzungu ana hati ya shamba, lakini mara nyingi hana ng'ombe wa kutosha wala ujuzi. Mwafrika ana maksai, ana plau, ana mbegu, ana mke na watoto wa kufanya nao kazi. Analima, na baada ya mavuno magunia yanagawanywa, nusu yako nusu yangu. Familia nyingi za Kiafrika zilineemeka kwa njia hiyo, nyingine zikawa na mifugo kumshinda mwenye shamba. Hilo lilikuwa likiwaudhi wengi. Jarida la Farmer's Weekly, lililoanzishwa Bloemfontein mwaka 1911, lilikuwa likifundisha dawa za mifugo na aina za plau, na pamoja na hayo likibeba barua za wakulima wa Kizungu wakilalamika kwamba Mwafrika anajitegemea mno, hapatikani wa kuajiri. Soma tena Jefferson kisha usome malalamiko yale. Kule kujitegemea kunamfanya mkulima awe nguzo ya taifa. Huku kujitegemea kulekule kukawa kosa linalohitaji sheria.

Sheria ikafuta nusu kwa nusu katika Free State. Mwenye maksai akaambiwa achague: awe mtumishi, yeye na ng'ombe wake, au ahame.

Aliyeandika kilichofuata ni Sol Plaatje, mhariri wa gazeti kule Kimberley na katibu mkuu wa kwanza wa chama kile cha mwaka 1912. Yeye mwenyewe alizaliwa shambani, Free State, mwaka 1876. Majira ya baridi ya mwaka 1913 alizunguka barabara za jimbo hilo, mara nyingine kwa baiskeli, akizungumza na familia zilizokuwa zikitangatanga na mifugo yao bila mahali pa kuilisha. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1916. Maktaba nyingi hukiweka kwenye rafu ya siasa. Ningekuwa mkutubi ningekiweka kwenye kilimo, kwa maana mtu asiyejua mifugo asingeweza kukiandika. Plaatje anaona kile ambacho mwanasiasa wa kawaida haoni: kwamba amri ya kuhama ilimkuta mtu mbuzi wake wakiwa na mimba karibu kuzaa, kwa hiyo wanazaa barabarani kwenye baridi na vitoto vinabaki njiani. Anaeleza familia ya Kgobadi, mume na mke vijana, ambao mtoto wao mchanga alikuwa mgonjwa walipofukuzwa. Mtoto akafia safarini. Kila kipande cha ardhi waliyopita kilikuwa na mwenyewe, na wao hawakuwa na ruhusa ya kuchimba kaburi popote. Wakamzika usiku, kwa kificho, wasije wakashitakiwa kwa kuingia shamba la mtu.

Nimesoma vitabu vingi vya ardhi, sijaona hoja nzito kuliko hiyo, na haina hata neno moja la nadharia.

Plaatje na wenzake walikwenda hadi London mwaka 1914 kuomba msaada. Serikali ya Uingereza haikufanya lolote, na vita kuu ikazuka, watu wakageukia mengine.

Na waliofukuzwa walikwenda wapi? Wengine walirudi utumishini. Wengine walikuja hapa, migodini na majikoni mwa watu, na mji huu ukajaa vibarua ambao baba zao walikuwa wakulima. Wapo pia walioendelea na nusu kwa nusu chinichini upande wa Transvaal. Mmoja wao, Kas Maine, alizaliwa mwaka 1894 akafa mwaka 1985, na karibu maisha yake yote alihamahama na maksai wake kutoka shamba hadi shamba katika nyanda za Wolmaransstad na Bloemhof, akilima mtama na mahindi, akishona viatu, akitibu watu kwa mitishamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, hapa Braamfontein, walianza kumhoji mwaka 1979, na mwaka 1996 mwanahistoria Charles van Onselen akatoa kitabu kinene kuhusu maisha yake. Unajua katika nyaraka za serikali walimpata wapi mzee huyu? Mara moja tu. Mwaka 1931 alitozwa faini ya shilingi tano kwa kutokuwa na leseni ya mbwa. Magunia yote yale aliyovuna, hakuna karani aliyeyaandika kwa jina lake. Yale mengine yote yalitoka katika kumbukumbu ya mzee mwenyewe, ambaye alikuwa akikumbuka bei na mavuno ya miaka hamsini nyuma.

Nisije nikampaka Seme rangi ya malaika. Maono alikuwa nayo, fedha hakujua kuzitunza, tena zilikuwa fedha za watu. Mwaka 1932, akiwa rais wa chama alichokianzisha, alifutwa katika orodha ya mawakili kwa sababu ya mambo ya fedha za wateja wake, nao walikuwa watu maskini waliokuwa wakigombania ardhi. Alirudishiwa uwakili muongo mmoja baadaye. Kuna waliopoteza kwa sababu yake, na haki ni kulisema.

Hata hivyo hati zile za Driefontein zilibaki. Utawala wa ubaguzi ulipokuja, mashamba ya Waafrika yaliyonunuliwa kabla ya sheria yakaitwa madoa meusi kwenye ramani, ya kufutwa. Kati ya mwaka 1960 na 1983 watu wanaokadiriwa kuwa milioni 3 na nusu walihamishwa kwa nguvu nchini humu. Zamu ya Driefontein ikafika. Kiongozi wao alikuwa Saul Mkhize, mtu aliyefanya kazi ya hesabu hapa Johannesburg na kurudi kijijini kila alipopata nafasi. Silaha yake ilikuwa barua. Alimwandikia waziri, Piet Koornhof, barua za adabu na za kisheria, akimkumbusha kwamba ardhi hii ilinunuliwa mwaka 1912 na wenyewe wana hati. Ukizisoma unamkumbuka Banneker na kalamu yake mbele ya Jefferson. Tarehe 2 Aprili 1983, kwenye mkutano wa kijiji, polisi alimpiga Mkhize risasi akafa. Askari huyo alishitakiwa na akaachiwa huru. Lakini wanakijiji hawakuhama, wanasheria na akina mama wa chama cha Black Sash wakasimama nao, na mwaka 1985 serikali ikasalimu amri. Driefontein ipo hadi leo.

Sasa usiniambie haya ni ya huko kusini tu, kwetu hayapo. Wakulima wa Kikaburu walifika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, na wazee wa Eldoret bado wanauita mji wao Sisibo kwa sababu ya namba ya shamba, 64. Nyuma yao zikaja sheria za maskwota na nyanda za Wazungu. Na jibu likaja kwa njia ileile ya gazeti: mwaka 1928 Jomo Kenyatta akawa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililohubiri bidii ya kazi na kudai ardhi kwa pumzi moja.

Tanzania nayo ina yake. Mwaka 1972, Iringa, chama cha TANU kilitangaza Siasa ni Kilimo, na sidhani kama kuna taifa lililowahi kuyaweka mambo haya mawili karibu zaidi kwa maneno matatu. Mwaka 1975 redio ikaendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakikaa vikundi kusikiliza, kama wewe unavyonisikiliza sasa. Mwalimu Nyerere alimpenda mkulima kwa dhati, hilo silitilii shaka. Lakini miaka ileile mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, wengi bila hiari, wakiacha minazi, migomba na makaburi ya wazee wao. Mkulima alisifiwa kila asubuhi redioni na hakuulizwa. Hapo Mwalimu na Jefferson, pamoja na tofauti zao zote kubwa, wanakutana.

Ndiyo maana nikisikia kiongozi yeyote, wa Washington, Pretoria, Nairobi au Dodoma, anaanza kumsifu mkulima, huwa nasubiri kusikia jambo moja tu: ardhi anayolima huyo mkulima ina jina la nani? Ukaguzi wa ardhi wa serikali ya Afrika Kusini wa mwaka 2017 ulisema kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 ni ya Wazungu na asilimia 4 ya Waafrika. Ukizijua takwimu hizo mbili, utaisikiliza ile amri ya Februari 2025 kwa masikio mengine.

Nina ombi moja kwako kabla fundi mitambo hajanikatisha. Wengi wetu tuna makaratasi ya wazee yamelala kwenye masanduku: stakabadhi za kodi ya kichwa, barua ya mzungu wa shamba la mkonge au la chai, risiti ya ushirika wa kahawa, ramani ya kiwanja iliyochorwa kwa penseli. Watu wanayatupa wakihama nyumba, wanawashia moto wa jikoni. Usifanye hivyo. Yapige picha leo, muulize mama au babu yako majina na miaka iliyomo, uandike nyuma ya kila karatasi, kisha mpe nakala ndugu mwingine wa ukoo aitunze. Na kama mzee bado yupo hai, kaa naye na simu yako umrekodi akieleza mipaka ya shamba, nani alilima wapi, na waliondolewaje. Kas Maine alipata wa kumsikiliza akiwa na miaka zaidi ya 80. Usingoje mzee wako afike huko.